Saa za Kazi Zikipunguzwa, Nani Abebe Pengo la Mshahara?



Vikundi vyetu vingi vina wanachama wa namna mbili. Kuna wale wanaotegemea shamba lao na biashara ndogo ndogo, na kuna wale wanaotoka asubuhi kwenda kwa kazi ya mshahara: kwenye mashamba ya maua, viwanda vya majani chai, hoteli, shule za watu binafsi au maduka ya mjini. Siku ya mkutano wote huketi pamoja na kutoa mchango ule ule. Mambo yakiwa mazuri hakuna neno. Lakini siku moja kampuni inatangaza kwamba kuanzia wiki ijayo wafanyakazi watakuja siku tatu badala ya sita. Mwezi ukiisha, mshahara umekatika nusu. Mchango wa kikundi, karo na kodi ya nyumba vimebaki pale pale.

Hapo ndipo maneno huanza. "Huyo si bado ana kazi? Mbona halipi?" Mwenyewe naye, kwa kuona aibu, anaanza kukosa mikutano. Baada ya miezi miwili jina lake linafutwa daftarini. Kikundi kimepoteza mwanachama ambaye hakuwa na kosa lolote, kwa sababu tu hapakuwa na utaratibu uliokubaliwa mapema.

Katika makala hii tutaangalia jambo hilo kwa makini. Watu huona nini kuwa haki mshahara unapopungua bila kosa la mfanyakazi? Nchi nyingine hufanyaje? Sheria yetu ya Kenya inasema nini? Na kikundi kidogo cha kijijini kinaweza kufanya nini bila kujivunja mgongo?

TUELEWANE KWANZA JUU YA MANENO

Kufutwa kazi ni kitu kimoja. Kupunguziwa saa ni kitu kingine. Aliyefutwa hana kazi, na kila mtu anamwona yuko nyumbani. Aliyepunguziwa saa bado ni mfanyakazi. Jina lake liko kwenye orodha ya kampuni, na asubuhi ya Jumatatu utamwona amevaa sare yake akingoja gari. Kwa hiyo majirani hudhani mshahara wake uko sawa. Shida yake haionekani kwa macho. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwako unaonekana mwepesi kwa sababu si wewe unayeubeba.

Kuna pia likizo bila malipo. Hapo mtu ameambiwa akae nyumbani mpaka aitwe tena, lakini hajafutwa. Huyo amepunguziwa saa zote.

Tunaposema fidia ya mshahara tuna maana ya pesa anazopewa mfanyakazi kuziba sehemu ya pengo hilo. Pesa hizo zinaweza kutoka kwa mwajiri, kwa serikali, au kwa mfuko ambao wafanyakazi na waajiri wamekuwa wakichangia. Swali gumu ni hili: ni kiasi gani kinachofaa, na nani alipe?

WATU WENGI HUONA NINI KUWA HAKI?

Mwaka wa 1986 wataalamu watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza watu wa kawaida huko Kanada kwa njia ya simu. Walitaka kujua watu huchukuliaje mambo ya bei na mishahara. Mfano wao mmoja ulihusu duka dogo la kunakili karatasi. Mfanyakazi wa hapo hulipwa dola 9 kwa saa. Kiwanda cha jirani kinafungwa, watu wasio na kazi wanakuwa wengi, na maduka mengine yanapata watu wa dola 7. Mwenye duka anamshusha mfanyakazi wake mpaka dola 7. Je, ni haki? Watu 83 kati ya kila 100 walisema hapana, huo ni uonevu.

Lakini walipoulizwa kama mfanyakazi yule ameondoka mwenyewe, na mwenye duka akaajiri mtu mpya kwa dola 7, watu 73 kati ya 100 walisema hilo linakubalika. Pesa ni zile zile, na kazi ni ile ile. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza alikuwa amezoea kipato chake na kupanga maisha yake juu yake. Watu huona kwamba mtu ana haki fulani juu ya kile alichokwisha kukizoea, na kwamba si vizuri mwenye nguvu kukichukua kwa sababu tu nafasi imepatikana.

Swali lao lingine linatuhusu hata zaidi. Kampuni ndogo inapunguza mishahara kwa asilimia 5 wakati watu wengi hawana kazi. Walipoambiwa kwamba kampuni inapata faida, 77 kati ya 100 walisema ni uonevu. Walipoambiwa kwamba kampuni inapata hasara, waliosema ni uonevu walishuka mpaka 32 tu. Upungufu ni ule ule kabisa! Kilichobadilika ni sababu.

Tunajifunza nini hapa? Watu hawaangalii kiasi peke yake. Huuliza: kwa nini amepunguza? Je, naye mwajiri anaumia, au anatumia shida ya wengine kujinufaisha? Mzigo ukigawanywa kwa uwazi watu huukubali hata kama ni mzito. Ukifichwa, hata kitu kidogo huleta fitina. Bila shaka mnaliona jambo hili hata katika vikundi vyenu mweka hazina anaposoma hesabu.

MASWALI MATANO AMBAYO KILA MTU HUJIULIZA MOYONI

Mtaalamu mwingine wa Uholanzi, Wim van Oorschot, alichunguza jinsi watu wanavyoamua nani anastahili kusaidiwa. Katika maandishi yake ya mwaka wa 2000 alionyesha mambo matano ambayo watu huyapima, hata bila kujua kwamba wanayapima. Tumeyaweka kwa maneno yetu:

1. Je, ni kosa lake? Mtu aliyeangukiwa na shida bila kupenda huhurumiwa kuliko aliyejitakia.

2. Shida yake ni kubwa kiasi gani?

3. Je, ni mmoja wetu? Watu husaidia upesi zaidi yule wanayemwona kuwa wa kwao.

4. Ana moyo gani? Ni mpole na mwenye shukrani, au ni mwenye kudai?

5. Je, ameshachangia, au atachangia baadaye?

Katika uchunguzi wake, swali la kwanza ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote. Uchunguzi mwingine katika nchi za Ulaya ulionyesha kwamba wazee huhurumiwa zaidi, kisha wagonjwa na walemavu, kisha wasio na kazi, na mwisho kabisa wageni kutoka nchi nyingine.

Sasa mpime yule mwanachama wetu aliyepunguziwa siku. Si kosa lake, kwa maana saa zimepunguzwa na kampuni. Ameshachangia kikundini miaka yote. Bado yuko tayari kufanya kazi, na saa zikirudi atachangia tena. Kwa maswali ya kwanza na ya tano anapita vizuri. Kinachomwangusha ni swali la pili, kwa sababu shida yake haionekani. Ndiyo maana jambo la kwanza la kufanya ni kuifanya ionekane kwa njia ya heshima, yaani kwa karatasi na hesabu. Asilazimike kusimama mbele ya watu na kulia.

Lakini maswali hayo yana hatari pia, hasa la tatu na la nne. Mtu mwenye maneno matamu na jamaa wengi kikundini atasaidiwa haraka. Mwenye haya, au aliyehamia kutoka kaunti nyingine na kupanga chumba kimoja karibu na shamba la maua, atapitwa. Huo si uadilifu. Kanuni iliyoandikwa kabla ya shida kufika humlinda yule asiyejua kujieleza.

Wengi wetu pia tunakijua kisa cha wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Walioajiriwa jioni walilipwa sawa na waliovumilia jua la mchana kutwa, nao wa mchana kutwa wakanung'unika. Manung'uniko yale ni ya kale, lakini yapo hata leo. Anayefanya kazi saa zote humtazama anayelipwa kwa saa ambazo hakufanya, na kujiuliza, "Na mimi je?" Swali hilo si baya. Linahitaji kujibiwa, na tutaona jinsi wengine walivyojaribu kulijibu.

UJERUMANI WANAFANYAJE?

Nchi inayojulikana sana kwa jambo hili ni Ujerumani. Utaratibu wao unaitwa Kurzarbeit, maana yake kazi ya saa fupi. Chanzo chake ni cha mwaka wa 1910, katika migodi ya potashi, ile chumvi inayotumika kutengenezea mbolea. Tangu hapo umebadilishwa mara nyingi, lakini wazo ni lile lile: kazi ikipungua kwa muda, ni afadhali wafanyakazi wote wapunguziwe saa na kulipwa sehemu ya pengo, kuliko baadhi yao kufukuzwa.

Unavyofanya kazi ni hivi. Kampuni inapopatwa na upungufu usioweza kuepukika, na ambao si wa kudumu, inapeleka habari kwa idara ya serikali inayoshughulikia ajira. Idara ikikubali, kampuni hulipa mshahara kamili kwa saa zilizofanywa. Kwa saa zilizopotea, mfanyakazi hupata asilimia 60 ya mshahara aliopoteza, baada ya kodi na makato kuondolewa. Mwenye mtoto hupata asilimia 67. Kampuni hutoa pesa hizo kwanza, kisha idara huirudishia.

Hebu tufanye hesabu kwa shilingi zetu ili tuelewe vizuri. Tuseme mfanyakazi hupata shilingi 12,000 mkononi kwa mwezi, na saa zake zinakatwa nusu.

Kwa saa alizofanya: sh. 6,000
Pengo: sh. 6,000
Fidia ya asilimia 60 ya pengo: sh. 3,600
Jumla: sh. 9,600

Akiwa na mtoto, fidia ni asilimia 67, yaani sh. 4,020, na jumla ni sh. 10,020. Angalieni vizuri hapa, kwa sababu wengi hukosea. Asilimia 60 si ya mshahara wote. Ni ya lile pengo. Ndiyo maana aliyekatwa nusu hubaki na sehemu kubwa ya kipato chake. Lakini akikatwa saa zote, atabaki na sh. 7,200 tu.

Pesa zinatoka wapi? Zinatoka kwenye bima ya kukosa kazi. Tangu mwaka wa 2023 mchango wa bima hiyo ni asilimia 2.6 ya mshahara. Nusu hutolewa na mfanyakazi na nusu na mwajiri. Wanachanga wakati wa neema ili wapate wakati wa njaa. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyofanya Wajerumani waukubali mpango huu. Anayepokea leo haonekani kama ombaomba, kwa maana alichanga jana, na anayechanga leo anajua kwamba kesho inaweza kuwa zamu yake. Huo ndio moyo wa ule mzunguko wetu wa pesa, ila wao wameufanya kwa nchi nzima.

Matokeo yalionekana mwaka wa 2009. Biashara ya dunia ilianguka na uchumi wa Ujerumani ukapungua kwa karibu asilimia 5, lakini watu waliokosa kazi hawakuongezeka sana. Zaidi ya wafanyakazi milioni 1 walikuwa kwenye saa fupi. Ugonjwa wa korona ulipoingia, mwezi wa Aprili 2020, idadi ilifika karibu milioni 6.

MANUNG'UNIKO HAYAKUKOSEKANA

Tusidhani kwamba kule watu wote walifurahi. Mwaka wa 2020 vyama vya wafanyakazi vya Ujerumani vililalamika kwamba asilimia 60 haimtoshi mtu wa mshahara mdogo. Na kweli, hebu tazama. Mwenye sh. 60,000 akikatwa nusu na kulipwa fidia ya asilimia 60 anabaki na sh. 48,000. Atapunguza nyama na safari. Mwenye sh. 12,000 anabaki na sh. 9,600, na yeye hana nyama ya kupunguza. Atapunguza unga. Asilimia ni sawa kwa wote, lakini maumivu si sawa.

Serikali ilisikia. Iliongeza fidia kwa muda kwa wale waliopoteza angalau nusu ya mshahara: kuanzia mwezi wa nne ikawa asilimia 70, na 77 kwa mwenye mtoto. Kuanzia mwezi wa saba ikawa asilimia 80, na 87 kwa mwenye mtoto. Nyongeza hiyo ilikwisha katikati ya mwaka wa 2022. Kampuni nyingine nazo zilikuwa na mapatano na vyama vya wafanyakazi ya kuongeza kitu juu ya fidia ya serikali. Kwa hiyo mfanyakazi wa kampuni kubwa yenye chama imara aliumia kidogo, na mhudumu wa mkahawa mdogo aliumia sana.

Kulikuwa na pengo lingine. Ujerumani kuna kazi ndogo ndogo za saa chache ambazo hazikatwi mchango wa bima hiyo. Wafanyakazi wa namna hiyo, wengi wao wa mikahawani na madukani, hawakupata fidia hata kidogo. Hawakuwa wamechanga, basi hawakupokea. Kwa kanuni ya "aliyechanga ndiye apewe" ni sawa. Kwa kanuni ya "mwenye shida ndiye apewe" si sawa hata kidogo. Hizi kanuni mbili hugombana kila mahali duniani, na zinagombana pia katika vikundi vyetu.

Uingereza walichukua njia nyingine. Kuanzia Machi 2020 mpaka Septemba 2021 wafanyakazi waliosimamishwa kwa muda walipata asilimia 80 ya mshahara kwa msaada wa serikali, lakini isizidi pauni 2,500 kwa mwezi. Mpango huo ulisaidia nafasi za kazi milioni 11.7. Mwanzoni aliyesimamishwa hakuruhusiwa kufanya hata saa moja kwa mwajiri wake. Kuanzia Julai 2020 aliruhusiwa kufanya saa chache na kulipwa fidia ya zile zilizobaki. Kile kikomo cha pauni 2,500 kiliwekwa ili mwenye mshahara mnono asichote pesa za umma bila mpaka. Hata hivyo, mtu wa mshahara wa chini kabisa aliyepata asilimia 80 yake alianguka chini ya kile kiwango ambacho sheria inasema mfanyakazi asilipwe chini yake.

Basi ni wazi kwamba hakuna hesabu moja ya kumridhisha kila mtu. Lakini mambo matatu yanajirudia kila mahali. Watu huona fidia kuwa ya haki ikiwa sababu ya kupunguziwa inajulikana, ikiwa kila upande umebeba kitu, na ikiwa kanuni ilikuwepo kabla ya shida, si kutungwa kwa ajili ya fulani.

NA HAPA KWETU JE?

Kenya tulilipata somo hili mwezi wa Machi 2020. Soko la mnada wa maua kule Aalsmeer, Uholanzi, lilianguka kwa ajili ya korona. Maua ya Naivasha yalitupwa kwa kukosa mnunuzi, na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani kwa likizo au wakaingia kwa zamu. Mfanyakazi wa Naivasha na yule wa Ujerumani walipigwa na dhoruba moja. Mmoja alikuwa na mfuko uliokwisha kujazwa. Mwingine alirudi kijijini kwa wazazi.

Serikali ilifanya kitu. Mwaka huo wa 2020 wote wenye mshahara usiozidi sh. 24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mapato, na mpango wa Kazi Mtaani ukawapa vijana wa mitaa ya mabanda kazi za kusafisha. Lakini kusamehewa kodi humfaa anayeendelea kupata mshahara. Mtu wa sh. 12,000 hakuwa akilipa kodi hiyo tangu mwanzo, basi msamaha haukumwongezea kitu. Na NSSF tunayokatwa ni ya uzee, ulemavu, na warithi mtu anapofariki. Hailipi pengo la saa zilizopunguzwa.

Hata hivyo mfanyakazi hakuachwa mikono mitupu kabisa. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 ina mambo ambayo kila kikundi chenye wafanyakazi kinafaa kuyajua:

Kwanza, masharti ya kazi yakibadilika, mwajiri anatakiwa kushauriana na mfanyakazi, kurekebisha mkataba, na kumjulisha mabadiliko hayo kwa maandishi. Tangazo la mdomo la msimamizi getini halitoshi. Ombeni barua.

Pili, anayeitwa kibarua lakini amefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, sheria inaweza kumhesabu kama mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki za mfanyakazi wa mwezi. Ndiyo sababu tunawasihi vibarua kuandika siku zao zote za kazi katika daftari lao wenyewe.

Tatu, saa zikipunguzwa mpaka kazi yenyewe ikaisha kwa sababu mwajiri hahitaji tena wafanyakazi wengi, kuna notisi ya mwezi mmoja, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Aliyefanya miaka sita asikubali kuondoka na nauli tu.

Mwenye shaka na aende kwa ofisi ya leba ya karibu au kwa chama chake cha wafanyakazi, akiwa na barua na karatasi zake za mshahara.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tuseme ukweli. Kikundi hakiwezi kulipa mishahara. Hebu tuone hesabu. Wanachama 20 wakitoa sh. 50 kila mwezi kwenye mfuko wa pengo, kwa mwaka mna sh. 12,000. Mkiamua kumpa aliyekatwa nusu sh. 1,000 kwa miezi mitatu, kila mmoja atatumia sh. 3,000. Mfuko utasaidia watu wanne kwa mwaka. Lakini wanachama 10 wakiwa wa shamba moja la maua, na shamba hilo likipunguza saa za wote siku moja, mtahitaji sh. 30,000. Mfuko utakauka kabla ya mwezi wa pili kuisha.

Ujerumani wanaweza kwa sababu mwoka mikate na mtengeneza magari wote wanachanga mfuko mmoja, na si rahisi waanguke siku moja. Kijiji kikipigwa na ukame, kila ghala ni tupu. Kwa hiyo kikundi chenye watu wa kazi mbalimbali kina nguvu kuliko kikundi cha watu wa kampuni moja. Lifikirieni hilo mnapopokea wanachama wapya.

Kuna mambo ambayo kikundi kinaweza kufanya bila gharama kubwa:

a) Mchango upungue sawa na mshahara. Aliyekatwa nusu atoe nusu kwa muda uliowekwa, tuseme miezi mitatu, kisha mkutano uangalie tena. Kilichobaki kiandikwe kama deni lisilo na faini, alipe saa zikirudi.

b) Faini isimamishwe. Kumtoza faini mtu aliyepunguziwa siku na kampuni ni kumwadhibu kwa kosa la mwingine.

c) Zamu ya mzunguko iweze kubadilishwa. Mwenye zamu ya mbali apewe nafasi ya mbele, ikiwa mwenye zamu amekubali kwa hiari.

d) Mfuko mdogo uwekwe, wenye kikomo kinachojulikana na wote. Anayepata kidogo zaidi afikiriwe kwanza.

e) Ushahidi uwe rahisi na wa siri. Karatasi mbili za mshahara zatosha, ya kabla na ya baada, au barua ya kampuni. Kibarua alete daftari lake na mfanyakazi mwenzake mmoja wa kumthibitisha. Waone mwenyekiti na mweka hazina tu. Mkutano uambiwe kwamba kanuni imetumika, bila kutaja kiasi cha mshahara wa mtu.

f) Kanuni iwahusu na wasio na mshahara. Mama anayeuza sukuma soko likifungwa, au fundi wa baiskeli mvua ikinyesha mwezi mzima, naye amepoteza saa zake. Hana barua ya kampuni, lakini majirani wanaona. Mkimsahau, wale wa shamba na biashara watasema kwamba kikundi ni cha watu wa mshahara, na watakuwa wamesema kweli.

Yote haya yaandikwe kwenye katiba ya kikundi sasa, wakati hakuna mwenye shida. Leo hakuna ajuaye nani atakuwa wa kwanza kuhitaji msaada, basi ni rahisi kila mtu kufikiri kwa haki. Mkingoja mpaka saa za mwanachama fulani zikatwe, mtakuwa mnajadili fulani, na wala si kanuni tena.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu ni wangapi wanategemea mwajiri mmoja? Akipunguza saa kesho, mfuko wetu utasimama?

2. Je, tunaona ni haki aliyepunguziwa saa atoe mchango kamili? Kwa nini?

3. Kati ya "aliyechanga ndiye apewe" na "mwenye shida ndiye apewe", sisi tunafuata ipi? Je, mwanachama mpya wa miezi miwili tumfanyie nini?

4. Kuna mtu aliyeacha kikundi chetu miaka ya karibuni kwa kushindwa na mchango? Tulimwuliza sababu?

Katibu na aandike majibu. Yale mliyokubaliana yasomwe tena mkutano ujao, yapigiwe kura, kisha yaingizwe katika katiba. Na kama kuna mmoja aliyekosa mikutano miwili mfululizo, mtumeni mtu amtembelee nyumbani kabla jina lake halijafutwa. Huenda bado anavaa sare kila Jumatatu.